Yai Lililokaa Getini

Bwana Nyumba, msimamizi wa nyumba za kiwanda, alianza ukaguzi na jengo la kwanza. Kila nilipochungulia dirishani nilimwona anatoka mlango huu anaingia ule, kalamu sikioni, fundi wa umeme nyuma yake na ngazi begani. Sisi tulikuwa jengo la tatu, ghorofa ya pili. Na chumba cha nyuma, kando ya cherehani ya dada, kulikuwa na sanduku jeupe la kuhifadhia samaki, ndani yake balbu ndogo, bakuli la maji, na mayai manne ya kobe.

"Acha kuchungulia," dada akaniambia. "Unalitikisa pazia. Mtu akiona linavyocheza atadhani tumeficha maiti."

"Afadhali maiti. Maiti haimo kwenye sheria zao. Kobe yumo."

Na kweli alikuwemo. Bango lilibandikwa chini ya kila ngazi: nyumba hizi ni mali ya kiwanda, haruhusiwi mnyama, ndege wala kiumbe chochote cha kufugwa, atakayekutwa naye ahame ndani ya wiki. Sheria hiyo ilikuwa imelala miaka na miaka. Waliiamsha walipogundua kwamba nyumba zetu zingeweza kupangishwa kwa watu wenye magari. Mwezi uliotangulia walimtoa fundi rangi na familia yake kwa sababu ya paka. Paka mwenyewe hakuwa wake, alikuwa anapita tu kunusa masufuria. Fundi rangi akaondoka na magodoro juu ya mkokoteni. Paka yupo mpaka leo.

Ngoja nieleze habari ya mayai, maana mtu akisikia kobe anacheka, anaona ni mchezo wa watu wasio na kazi.

Shemeji, mume wa dada, alikuwa mtu wa boila. Kiwanda chetu ni cha sabuni, na sabuni ni joto tangu mwanzo hadi mwisho. Yeye ndiye aliyelilinda joto hilo kwa sikio, ameegemeza kichwa kwenye bomba kama daktari kwenye kifua cha mgonjwa. Nyumbani alifuga kobe, na alijifundisha mwenyewe kuwaangulia: sanduku, balbu, kipimajoto, maji ya kuleta unyevu. Alijua kwamba joto likipungua mtoto ndani ya yai analala asiamke, na likizidi anapikwa.

Boila ilipasuka ikamchukua. Tulikuwa tumewaambia wenye kiwanda. Tulifunga kazi tukakaa ndani ya uzio, tukadai boila ibadilishwe kabla haijaua mtu, na mimi ndiye niliyepanda juu ya pipa nikasema mpaka sauti ikakauka. Hapo ndipo nilipopewa jina la Kipaza. Wakaleta malori ya vijana wenye marungu. Geti lilikuwa limefungwa kwa ndani. Mlinzi akalifungua. Mlinzi huyo tunamwita Komeo, na nikilitaja jina hilo hadi leo ulimi unachacha. Boila haikubadilishwa. Msimu wa baridi uliofuata ndipo shemeji alipokufa.

Dada akabaki na kobe wawili: dume ambaye shemeji alimwangua kwa mkono wake, na jike mzee tuliyemwita Bi Mkubwa. Dume akafa mwaka huu. Bi Mkubwa, ambaye alikuwa ameacha kutaga hata tukasahau, akachimba udongo wa beseni akataga manne. Dada anafunga sabuni kwenye karatasi kutwa nzima, anarudi vidole vimekakamaa, na alikuwa havui hata viatu kabla hajalitazama sanduku.

"Mtu wangu walishanichukulia," alisema. "Haya hawayachukui."

Hakutaka kingine. Mtoto mmoja wa dume yule, atembee pale sakafuni.

Bi Mkubwa tulishamtoa tangu asubuhi, ndani ya kikapu cha nguo chafu, kwa rafiki wa dada ng'ambo ya barabara, mahali ambapo kiwanda hakina amri. Kobe mzima hana tabu. Ukimpindua anakasirika, basi. Yai ni habari nyingine. Yai la kobe likishatulia, mtoto hujishikiza upande wa juu, kwenye ganda. Ukiligeuza, kiini kinamlalia, anazama humo humo ndani. Ndiyo maana juu ya kila yai dada alichora msalaba kwa penseli, kama marehemu alivyokuwa akifanya. Upande huu ni juu, hadi siku ya kutoka.

Mimi niliyesimama mbele ya malori, mchana huo nilikuwa nimejibana nyuma ya pazia na jasho jembamba linanichuruzika mgongoni. Marungu unayaona yanakuja. Huyu alikuwa na kalamu. Kichwani nilimwona dada na cherehani yake juu ya mkokoteni, nikamwona fundi rangi.

"Tuyagawe," nikasema.

"Kwa nani?"

"Kwa watu. Kila mlango yai moja. Hawezi kuangalia nyuma ya kila friji."

Tulifanya hivyo. Tukachukua makopo ya maziwa, tukayatia maranda, kila yai likazama nusu, msalaba juu. Nikawaita watu wa ngazi yetu. Alikuja mwoka mikate wa chini, ambaye nguo zake zina unga hata siku ya mapumziko. Alikuja fundi viatu wa mlango wa pili. Alikuja shangazi yetu, anayekaa mlango wa kulia, mwanamke aliyefuga kuku maisha yake yote kabla ya miguu kumlazimisha kuhamia mjini.

Walipokusanyika mlangoni, moto wa zamani ukaniwaka, nikasema nao. Nilisema kwa sauti ya chini, lakini nilisema. Niliwakumbusha boila. Niliwakumbusha nani aliahidi nini, na lori la kwanza lilikuwa la rangi gani, na nani alikuwa na funguo. Nikawaambia haya si mayai, huu ni urithi wa mtu aliyeuawa. Nikawaambia kopo likae pa vuguvugu, lisipigwe na jua, lisionwe na watoto. Fundi viatu akafuta macho kwa mkono wenye gundi. Shangazi akaitikia, "Ndiyo hivyo, mwanangu, waambie!" Kila mtu akachukua kopo lake akaondoka nalo kifuani kama mtu aliyebeba taa.

Likabaki la nne. Lilikuwa la mwalimu wa ghorofa ya juu, naye alikuwa hajarudi. Na chini ya ngazi nikasikia kicheko cha Bwana Nyumba.

"Toka nalo," dada akasema. "Ngazi ya nyuma. Usikimbie, ukikimbia unalitikisa."

Sijawahi kutembea namna ile. Miguu ilitaka kukimbia, mikono ilitaka kusimama. Nilishuka kopo likiwa ndani ya koti, najiona kama mwizi, nasikia kila hatua ya viatu vyake ikipanda upande wa pili wa ukuta. Nilipotokea uani hapakuwa na mlango wa mtu niliyemjua uliokuwa wazi. Palikuwa na geti, na kibanda cha mlinzi, na ndani ya kibanda Komeo, ambaye kiwanda kilimhamishia huku baada ya kazi yake nzuri kule.

Alikuwa anakunywa chai kwenye kifuniko cha chupa. Nyuma yake lilikuwa kabati la chuma la swichi kuu ya majengo yote, linanguruma kidogo, na ukilisogelea unahisi joto lake usoni.

"Kipaza?" akasema. Kifuniko kikabaki hewani. "Unakuja kwangu?"

"Nyamaza." Nikapita mbele yake, nikaliweka kopo juu ya kabati mwenyewe, taratibu, mpaka likatulia. "Sikiliza. Usiliguse. Usilisogeze, usilitikise, usilipulizie hata pumzi. Mikono yako inajulikana. Nikikuta limehama kiasi cha unywele, nitakusomea maovu yako hapa uani mpaka watoto wayakariri."

"Ni bomu?"

"Ni yai."

"La nini?"

"La marehemu shemeji."

Akavua kofia. Sijui kwa nini alivua kofia. Nikamwacha nayo mkononi nikarudi juu.

Bwana Nyumba alikuwa ameshafika chumba cha nyuma. Dada amesimama mikono kiunoni. Sanduku limefunuliwa.

"Sanduku hili la nini, mama?"

"La samaki."

"Mbona lina balbu?"

"Nakaushia nguo zangu za ndani. Nikianika nje zinaibwa. Unataka kuzikagua? Zimo kwenye beseni, bado mbichi."

Fundi wa umeme akaangua kicheko, akakigeuza kikohozi. Bwana Nyumba hakucheka. Alitia mkono ndani ya sanduku, akapapasa pembe zote polepole, akatoa kitu kati ya vidole viwili. Randa moja.

"Na nguo zako zinavaa maranda?"

"Huyo hapo," dada akasema, akanionyesha kwa kidevu. "Mdogo wangu anatengeneza viti vya watu. Maranda yanamtoka hata masikioni."

Bwana Nyumba akageuka kunitazama. Alinijua. Wenye viwanda wana kumbukumbu ndefu kama yetu, ila yao huwekwa ofisini.

"Kipaza," akasema. "Mbona leo husemi?"

Nikafungua mdomo. "Kichwa kinaniuma," nikasema, na sauti iliyotoka ilikuwa ya mtoto aliyekutwa na sukari mdomoni.

Akatabasamu. Nilimchukia kwa tabasamu lile kuliko kwa lolote, maana lilikuwa limeona. Akamwambia fundi wa umeme akate soketi ya chumba cha nyuma, kwa usalama wa jengo, akasema atapita tena na hatatuambia siku gani. Walipoondoka nilikaa sakafuni.

"Basi yatabaki huko huko," dada akasema. "Bila umeme hapa ni ubaridi mtupu. Yabaki kwa watu."

Yakabaki kwa watu. La nne nilimwambia dada liko pa vuguvugu, nisitaje ni kwa nani. Nami sikutaka kuonekana nabisha hodi milangoni, nikakaa ndani, nikijipa moyo. Watu wetu ni wazuri, nilijiambia. Watu wetu wanajua maana ya kutunza.

Siku moja mwoka mikate aliniita nikamrekebishie meza. Kopo lake lilikuwa kwenye rafu juu ya tanuri, limefunikwa kitambaa safi. Nikafunua nipate kufurahisha macho.

Hapakuwa na msalaba.

Nilidhani umefutika. Nikainama. Yai lilikuwa jeupe, safi, na kwa chini, pale linapogusana na maranda, ilichungulia ncha ya mstari wa penseli.

"Umeligeuza?" nikauliza. Nilisikia sauti yangu iko mbali.

"Asubuhi na jioni!" akasema, na uso wake wote ukacheka. "Sijakosa hata mara moja. Hata jana nilikuwa na homa nikaamka. Shangazi alitupitia sote siku ile ile, akatufundisha. Yai lisipogeuzwa mtoto anashika ganda."

Mtu huyu amekwisha kuligeuza asubuhi na jioni, kwa upendo, kwa homa, na mimi nimesimama mbele yake na nyundo mkononi. Nikasema ahsante. Nilikwenda kwa fundi viatu. Naye alikuwa ameligeuza, tena kwa kitambaa laini, asiache alama za gundi. Nikabisha kwa shangazi.

"Karibu baba," shangazi akasema. Kopo lilikuwa ndani ya shuka, kando ya mto wake. Alikuwa na furaha niliyokuwa sijaiona usoni mwake tangu ahamie. "Mwenyewe niliona umesahau kuwaambia, nikasema wacha nimsaidie mwanangu. Watu wa mjini hawajui mayai. Nimezunguka milango yote. Ila yule wa getini, niliyekuona dirishani unampelekea kopo, yule hana adabu."

Nilisikia neno getini, lakini kichwa changu hakikulishika. Kilikuwa kimejaa misalaba iliyogeuka chini. Nikamshukuru shangazi. Ningefanya nini? Kumwambia mama yule kwamba mikono yake, iliyoangua vifaranga vya nusu ya wilaya, imeua?

Dada aliporudi kazini nilimwambia akiwa bado mlangoni. Hakulia. Alivua viatu, kitu ambacho kwa kawaida hukifanya mwisho. Tukayakusanya matatu, tukafunga madirisha, tukajifunika blanketi mchana kweupe, dada na tochi, mimi na pumzi zangu. Yai lililo hai ukilimulika unaona mishipa, myekundu, imetandaa kama mizizi ya nyasi. La kwanza lilikuwa na duara la damu iliyoganda, basi. La pili vilevile. La shangazi lilikuwa giza upande mmoja, na lile giza halikucheza.

Blanketi lilikuwa la moto. Nilimsikia dada akizima tochi.

"Ulihutubia," akasema gizani. Hakuwa amekasirika, na hiyo ndiyo iliyoniogopesha. "Uliwaambia lori lilikuwa la rangi gani. Uliwaambia nani alikuwa na funguo. Wasigeuze, hukusema."

Miaka yote nimejivunia kwamba sisahau.

"La nne liko wapi?" akauliza.

Hapo ndipo neno la shangazi liliponirudia. Getini. Hana adabu.

Sikungoja viatu. Nilishuka ngazi nikiwaza mabaya yote ya dunia: amelitupa, amelikaanga, amelipeleka kwa Bwana Nyumba ndani ya kofia yake. Mtu aliyefungua geti mara moja atashindwaje kulifungua tena? Dada alikuwa nyuma yangu, nasikia pumzi zake.

Komeo alitusikia tunakuja akasimama mlangoni mwa kibanda, mikono imeenea kushoto na kulia, kama golikipa.

"Sijaligusa!" akapiga kelele kabla hatujasema. "Kipaza, kwa jina la mama yangu, sijaligusa!"

"Toka njiani."

"Shangazi yako ndiye. Alikuja akasema linataka kugeuzwa. Nikamwambia mama, huingii. Amenitukana, amenitukania ukoo mpaka wa babu, amenipiga na kandambili. Hakuingia. Uliniambia kiasi cha unywele."

Tukaingia. Vumbi la juu ya kabati lilikuwa halijaguswa pande zote za kopo, isipokuwa alama za vidole vyangu mwenyewe. Msalaba ulikuwa juu. Alikuwa hata chupa ya chai haiweki tena pale. Aliihamishia chini, kwenye sakafu, akiogopa mtikisiko.

Dada akavua kanga ya mabegani akajifunika kichwa yeye na yai, akaliwekea tochi ubavuni bila kulinyanyua. Nilimtazama Komeo naye akanitazama, sote wawili tumekodoa macho kama watu wanaongoja hukumu. Kisha mgongo wa dada ukaanza kutikisika, na sikujua kama ni kicheko au kilio.

"Limecheza," akasema. "Mguu. Ameukunja mguu."

Tungelirudisha nyumbani. Lakini nyumbani hapakuwa na joto, na nani angelibeba? Mikono yangu? Dada akaweka kipimajoto kando ya kopo akakitazama kwa muda. "Kiwango chake," akasema. "Kiwango chake kabisa." Umeme wa kiwanda, kwenye kabati la kiwanda, chini ya mtumishi wa kiwanda. Marehemu angecheka mpaka akae chini.

Basi kuanzia hapo nililazimika kwenda kila siku kwa mtu ambaye nilikuwa nimeapa sitamsalimia hata kaburini. Nilisimama mlangoni, nikauliza, "Vipi?" akajibu, "Lipo." Ndiyo mazungumzo yetu yote. Aligundua kwamba watu wanapopika jioni kabati linazidi joto, akawa anafungua kidirisha kwa upana wa kidole, kisha anakifunga wakimaliza kula. Hakuna aliyemfundisha. Nilikuwa naliona hilo na linaniudhi.

Na hofu haikutoka. Balbu za uani zikififia, nachungulia dirishani. Mtu akipiga mlango kwa nguvu, naliwaza kopo. Wakasema Komeo atahamishiwa ghala, nikapoteza usingizi. Siku ikapita, hakuhamishwa. Bwana Nyumba akaja tena nyumbani kwetu, akafunua sanduku tupu, akafungua hata kabati la vyombo, akaondoka bila kuaga. Mwoka mikate, ambaye tulimwambia uongo kwamba mayai hayakuwa na mbegu, alileta mkate kila wiki kutupa pole, nasi tukaupokea.

Kisha ikaja asubuhi ambayo Komeo mwenyewe alipanda ngazi zetu, kitu alichokuwa hajawahi kukithubutu. Alisimama mbali na mlango. "Lina ufa," akasema. "Sikuligusa. Limejipasua lenyewe."

Dada alikuwa anajiandaa kwenda kazini. Hakwenda. Tulipofika kibandani, ganda lilikuwa na tundu dogo kama la msumari, na ndani ya tundu kitu kilikuwa kinakwaruza, kinapumzika, kinakwaruza. Mimi na dada tukakaa kwenye benchi tukashikana mikono, watu wazima.

Honi ikapigwa nje.

Niliijua honi ile. Nikachungulia kwenye upenyo wa ubao: gari la Bwana Nyumba, pua yake imegusa geti, na kando yake fundi wa umeme na mkoba wa vifaa.

"Komeo! Fungua! Tunataka kabati kuu. Kuna mtu anaiba umeme humu."

Nilijikuta sakafuni, chini ya kidirisha, kichwa kati ya magoti. Ndiyo, mimi. Dada hakushuka, aliinamia kopo, akalizunguka kwa mikono bila kuligusa. Kibanda kina mlango mmoja. Niliona viatu vya Komeo vimesimama mbele ya pua yangu, vimetulia, na juu yake mkufu wa funguo unalia. Nilijua atafanya nini. Nilikuwa nimemwona akifanya.

Viatu vikatoka nje. Vikaenda polepole.

"Shikamoo bosi."

"Fungua geti, nimesema."

"Nafungua bosi. Ila kabatini kuna nyuki."

Kule kwenye kopo mkwaruzo ukakoma.

"Nyuki?"

"Wameingia tangu jana. Wamejaa kibanda kizima. Mimi mwenyewe nakaa nje, si unaniona?" Sauti yake ilikuwa inapasuka kama ya kijana anayebaleghe. "Wamenichoma hapa, na hapa. Fundi akitaka aingie, aingie tu, mimi sina neno."

"Siingii," fundi wa umeme akasema haraka. "Mimi nyuki hapana. Nyuki walimlaza mjomba hospitali."

"Kwa nini hukutoa taarifa?"

"Sheria inasema kiumbe cha kufugwa, bosi. Hawa sikuwafuga."

Nilisikia kioo cha gari kikipanda. Nilisikia geti likifunguka, gari likipita karibu na ubao kiasi kwamba harufu ya moshi iliingia, likaelekea jengo la kwanza. Nilibaki pale pale. Nilikuwa nimeuma kola ya shati bila kujua.

Komeo akarudi ndani. Uso ulikuwa wa majivu, shati limemganda mwilini. Hakunitazama nilipokuwa, na namshukuru kwa hilo kuliko kwa nyuki.

"Watarudi na mtu wa moshi," akasema. "Labda kesho."

"Kesho atakuwa ametoka," dada akasema. "Njoo uone."

Nami nikainuka. Tundu lilikuwa limepanuka. Pua ilikuwa imejitokeza, ndogo kama punje ya pilipili manga, na juu yake ile ncha nyeupe wanayozaliwa nayo ya kuvunjia ganda. Jicho likafunguka. Likatutazama sote watatu kwa hasira, kama mtu aliyeamshwa na wapangaji wenye makelele, nikamjua baba yake mara moja.

Komeo akanyoosha kidole, akakirudisha haraka. "Sasa naruhusiwa kumgusa?"

"Bado," dada akasema. "Mwache atoke mwenyewe."

Alibaki amesimama, hajui mikono aiweke wapi. Alikuwa na haki ya kuchoka. Boila sijaisahau, na lori la kwanza lilikuwa la bluu, na funguo zilikuwa zake. Benchi lile ni fupi, la watu wawili. Nikakaa, nikasogea mpaka nikabaki nimekalia pembe tu.

"Kaa," nikamwambia. "Unanizibia mwanga."